Tembea, Keti, Tembea Tena
Kijitabu cha elimu kwa wanaoishi na maumivu ya viungo, na kwa wanaowatunza

Hadithi ya mafuta ya goti

"Mafuta ya goti yamekwisha." Kauli hii utaisikia kwenye benchi la wagonjwa kabla hujaingia kwa daktari. Aliyeambiwa hivyo hurudi nyumbani na hesabu yake kichwani: ikiwa mafuta yamekwisha, basi kila hatua ninayopiga ninasaga mfupa kwa mfupa, heri niketi. Anaketi. Miezi mitatu baadaye paja limekonda, goti linamlegea akishuka ngazi, na maumivu yako palepale.

Jirani yake hataki kusikia habari za kuketi. Yeye husema ugonjwa ukiubembeleza unakuzoea. Analima tangu alfajiri hadi jua la utosini, jioni goti limeumuka kama andazi, kesho na kesho kutwa hainuki kitandani.

Wote wawili wanajitahidi, na wote wawili wanaumia zaidi ya inavyolazimu. Kijitabu hiki ni chao. Kiungo kinachouma kinahitaji mwendo na kinahitaji pumziko, na vyote viwili hupimwa mapema kama chumvi ya mboga. Ukisubiri maumivu ndiyo yakuambie lini ukae na lini uinuke, umeyapa usimamizi wa siku yako, nayo hayajui kusimamia.

1. Ndani ya kiungo kuna nini?

Mahali mifupa miwili inapokutana, ncha zake zimefunikwa na gegedu: tabaka laini, jeupe na linaloteleza, kama lile unaloliona kwenye kichwa cha mfupa wa kuku. Kuzunguka hapo kuna mfuko mwembamba unaotoa ute wa kulainisha. Nje ya mfuko kuna kano na misuli inayokishika kiungo kisiyumbe.

Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hulifikia kupitia ule ute, na ute haupenyi vizuri bila mwendo. Fikiria sponji ya kuoshea vyombo: ukiibana inatoa maji, ukiiachia inafyonza mengine. Kila ukikanyaga na kuinua mguu, gegedu linabanwa na kuachiwa hivyohivyo. Asiyetembea analinyima gegedu lake chakula. Na ute hauishi kama mafuta ya injini. Mfuko wa kiungo huendelea kuutengeneza maisha yote.

Misuli nayo ina kazi yake. Msuli wa mbele ya paja hupokea sehemu ya mzigo kila unapotua mguu. Ukidhoofika, mzigo ule unaangukia goti. Ndiyo maana aliyeketi miezi mitatu anarudi akiwa na hali mbaya kuliko kabla hajaketi.

Maumivu ya viungo hayana chanzo kimoja. Vipo vitatu vinavyoonekana sana:

- Kusagika kwa viungo. Gegedu hupungua polepole na mfupa ulio chini yake hubadilika umbo. Hupata zaidi magoti, nyonga, uti wa mgongo na vidole. Asubuhi kiungo hukakamaa, lakini kwa kawaida hulainika ndani ya nusu saa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 walikuwa na tatizo hili, wengi wao wanawake, na goti ndilo lililoongoza.
- Baridi yabisi. Hapa kinga ya mwili inaushambulia ule mfuko wa kiungo. Mara nyingi huanzia kwenye vidole, viganja na nyayo, pande zote mbili kwa pamoja; kukakamaa kwa asubuhi huweza kupita saa nzima, na mwili wote huchoka. Kwa makadirio ya shirika hilohilo, mwaka 2019 watu milioni 18 waliishi nayo, na takribani 70 katika kila 100 ni wanawake.
- Jongo. Chembe za asidi ya yuriki hujikusanya kwenye kiungo, mara nyingi kwenye shina la kidole gumba cha mguu. Maumivu huja ghafla, mara nyingi usiku, hata shuka likigusa kidole mtu hupiga kelele.

Dawa za hali hizi hazifanani, kwa hiyo pima kwanza. Kanuni ya kupanga mwendo na pumziko, ambayo ndiyo kiini cha kijitabu hiki, inawafaa wote, isipokuwa siku kiungo kinapowaka. Siku hizo zina sehemu yake mbele.

2. Mtego wa siku njema

Tumfikirie mama anayeuza vitumbua. Mchele ameuloweka tangu jana jioni. Saa kumi alfajiri anauosha, anausaga, anatia tui, hamira na iliki, anauacha uumuke. Saa kumi na moja yuko kwenye kigoda mbele ya jiko la mkaa, magoti yamepanda karibu na kifua, na hapo hatoki hadi saa tatu.

Jumamosi moja anaamka goti jepesi. Anaona hii ni bahati, asiiache ipite. Anapika mchele mara mbili ya siku zote. Akimaliza anafua nguo za wiki nzima, halafu anakwenda sokoni kwa miguu na kurudi na kikapu kichwani. Usiku goti limejaa. Jumapili, Jumatatu na Jumanne hauzi kitu. Jumatano maumivu yamepungua, ila deni la mchele limebaki, kwa hiyo anapika mara mbili tena ili kufidia. Ijumaa yuko kitandani.

Wengi wanaoishi na maumivu wamenasa kwenye duara hili. Siku njema huliwa yote kwa pupa, na siku mbaya hulipa. Kila mzunguko ukipita, siku njema zinakuwa fupi, kwa sababu siku za kulala zinapunguza misuli na siku za kujitutumua zinachokoza kiungo. Nyumbani nako hawamwelewi: Jumamosi walimwona anabeba kikapu, Jumatatu hawezi kuchota maji, wanadhani anadeka.

Kutoka kwenye duara hili kunataka jambo moja gumu: kuacha kazi ukiwa bado unaiweza.

3. Tafuta kipimo chako

Chagua kazi moja inayokusumbua: kutembea, kufua, kupalilia, kusimama jikoni. Kwa siku tatu, ifanye na uangalie ni dakika ngapi zinapita kabla maumivu hayajaanza kupanda. Usijikaze na usijidekeze.

Tuseme ni kutembea. Siku ya kwanza umepata dakika 20, ya pili 12, ya tatu 16. Jumlisha, ugawe kwa tatu: 16. Sasa chukua robo tatu ya hizo 16, yaani dakika 12. Hicho ndicho kipimo chako cha kuanzia.

Kuanzia hapo:

- Ukifika dakika ya 12, pumzika, hata kama goti halijasema kitu. Hasa kama halijasema kitu.
- Pumziko liwe la dakika tano hadi kumi, kisha unaweza kurudia.
- Siku njema, usizidishe. Siku ya maumivu ya kawaida, usiache. Fanya angalau nusu.
- Kipimo kikikaa vizuri wiki nzima, ongeza dakika moja au mbili. Ongeza kwa wiki, siyo kwa siku.

Huna saa? Vipo vipimo vingine. Shambani hesabu matuta: mawili, kisha kivulini. Jikoni hesabu nyimbo za redioni. Yule mama wa vitumbua anaweza kuhesabu mipiko: kila akiepua mpiko wa tatu, anasimama, ananyoosha magoti, anazunguka jiko mara mbili, ndipo anarudi kumimina. Wateja hawatakimbia kwa nusu dakika.

Wiki mbili za mwanzo utajiona unafanya kidogo mno, hata utaona aibu. Vumilia. Nguvu ya misuli haijengeki kwa siku tatu. Wengi huanza kuona tofauti kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili.

4. Maumivu gani ni ya kawaida, yapi ni onyo?

Mwenye viungo vinavyouma akisubiri hadi asisikie maumivu ndipo afanye mazoezi, hataanza. Lakini pia hatakiwi kuuma meno. Jipimie kwa namba: 0 ni hakuna maumivu, 10 ni maumivu makali kuliko yote unayoweza kuyawaza.

- 0 hadi 2: endelea.
- 3 hadi 5: inakubalika, mradi yatulie baadaye na kesho asubuhi uwe kama kawaida yako.
- Zaidi ya 5: punguza, fanya machache au polepole zaidi.

Ipo pia kanuni ya saa mbili. Saa mbili baada ya mazoezi, jiulize: naumwa kuliko nilivyoumwa kabla sijaanza? Kama ndiyo, ulizidisha. Kesho usiache, fanya pungufu ya leo.

Misuli kuuma kidogo kwa siku moja au mbili, mahali ulipoifanyisha kazi, ni jambo la kawaida kwa anayeanza. Kiungo kuvimba, kupata joto au maumivu ya kuchoma kama sindano ni onyo.

5. Mazoezi sita ya nyumbani

Hayahitaji vifaa. Chagua saa ambayo mwili umelainika, aghalabu baada ya kuoga maji ya uvuguvugu au katikati ya asubuhi. Yafanye siku tatu hadi tano kwa wiki. Pumua kawaida, usizuie pumzi.

Kunyoosha goti ukiwa kitini. Keti kwenye kiti imara. Nyoosha mguu mmoja mbele hadi goti linyooke, kaza paja, hesabu hadi tano, shusha polepole. Mara kumi kila mguu.

Kubana kitambaa. Keti mkekani au kitandani, mguu umenyooka, khanga iliyokunjwa iko chini ya goti. Bonyeza goti kwenye khanga kama unayetaka kuisaga, hesabu hadi tano, achia. Mara kumi. Zoezi hili linafaa hata siku ambazo goti halitaki kukunjwa.

Kuinuka na kuketi. Kiti kiegemezwe ukutani kisiteleze. Inuka, simama wima, keti polepole bila kujitupa. Anza mara tano. Kiti kikiwa kifupi mno, weka mto. Hili ndilo zoezi linalokurudishia uwezo wa kuinuka chooni, kanisani na kwenye daladala.

Kuinua visigino. Shika ukuta au meza. Inuka kwa ncha za vidole, hesabu hadi tatu, shuka. Mara kumi. Huimarisha mashavu ya miguu na kukusaidia usianguke.

Kutelezesha kisigino. Ukiwa umelala chali, vuta kisigino kuelekea makalio hadi unapoweza, kisha kirudishe. Mara kumi kila mguu. Fanya kabla ya kushuka kitandani asubuhi, kiungo kiamke kabla yako.

Vidole kwenye beseni. Tia maji ya uvuguvugu kwenye beseni. Ndani ya maji funga ngumi taratibu, ifungue, tandaza vidole; kisha gusisha ncha ya kidole gumba kwenye ncha ya kila kidole. Mara kumi. Usibane mpira kwa nguvu wakati vidole vimevimba.

Pamoja na haya, kuna kutembea. Tembea kwa mwendo unaokuruhusu kuzungumza lakini si kuimba. Vaa viatu vilivyofungwa nyuma vyenye soli nene. Kandambili zinakulazimisha kubana vidole na huponyoka. Lengo la Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa wiki. Zikikutisha, zikatekate: dakika kumi mara mbili kwa siku, kila siku, ni 140. Usipoweza hata hizo, kidogo bado kina faida.

Ukiishi pwani, una kliniki ya bure. Mtu aliyesimama majini hadi kiunoni, miguu yake hubeba takribani nusu tu ya uzito wake. Subiri bahari itulie, nenda na mwenzako, tembea sambamba na ufuo, na angalia viumbe wenye miiba na mawe.

6. Kupumzika nako kuna namna yake

Kwa miaka mingi wagonjwa wa baridi yabisi walilazwa kitandani kwa majuma kama sehemu ya tiba. Ushauri huo umeachwa, kwa sababu ilionekana kuwa kulala kwa muda mrefu hukausha misuli na kukaza viungo. Pumziko limebaki kuwa tiba, ila limegawanyika.

Pumziko la kiungo. Mikono imechoka kufua? Iache ipoe, lakini miguu itembee. Magoti yamechoka? Keti uchambue mchele. Kubadili kazi ni kupumzika.

Pumziko fupi la mwili. Dakika tano hadi kumi kila baada ya kipimo chako. Keti umeegemea, au lala chali. Kutazama simu huku umeinama shingo si pumziko.

Pumziko la mchana. Baada ya chakula, dakika 20 hadi 30 zinatosha. Ukilala hadi alasiri, usiku utakesha.

Usingizi wa usiku. Asiyelala vizuri huhisi maumivu zaidi kesho yake. Ukilala kwa ubavu, weka mto katikati ya magoti. Ukilala chali, usiweke mto chini ya goti usiku kucha, hata kama unaburudisha: goti hujizoesha kukunjika, na mwishowe hukataa kunyooka.

Na usiketi mahali pamoja zaidi ya nusu saa au saa moja bila kujinyoosha. Safari ya basi ikiwa ndefu, omba kiti cha kando ya njia. Pandisha na shusha nyayo ukiwa umeketi, na basi likisimama kwa chakula, shuka hata kama huna njaa.

7. Kazi za kila siku

Mazoezi ya nusu saa hayawezi kushindana na saa nane za kuinama. Tazama kazi zako.

Jikoni. Inua jiko la mkaa juu ya matofali au meza ya chuma, ili upike ukiwa kwenye kiti na magoti hayajapanda. Mbuzi ya kukunia nazi inakuketisha chini sana. Nazi mwachie kijana, au zikunwe kwa mashine sokoni. Kutwanga mpokezane. Sufuria ya ugali ishikwe na mwingine wakati unasonga.

Maji na nguo. Madumu mawili ya lita 10 ni bora kuliko moja la 20, kila mkono na lake. Weka beseni la kufulia juu ya benchi. Usikamue blanketi kwa kulisokota, lining'inize litone. Nguo za wiki zigawe kwa siku tatu.

Shambani. Mpini mrefu wa jembe hupunguza kuinama. Anza na kazi nzito asubuhi, kisha badilisha: kulima kidogo, kupanda kidogo, kukaa kivulini. Palizi ya siku moja ifanye siku mbili.

Chooni. Kuchuchumaa ni adhabu kwa goti lililosagika. Fundi seremala anaweza kutengeneza kiti chenye tundu cha kuweka juu ya choo cha shimo, na kishikio cha mti ukutani.

Ibada. Anayeshindwa kusujudu au kupiga magoti anaruhusiwa kuswali akiwa kitini, na kanisani anaweza kuketi wengine wakipiga magoti. Imamu au mchungaji wako atakueleza. Usijilazimishe kwa kuona haya.

Fimbo. Shika fimbo kwa mkono wa upande usiouma. Goti la kulia likiuma, fimbo iwe mkono wa kushoto, na iende mbele pamoja na mguu unaouma. Wengi huishika kinyume. Ukisimama wima, kichwa cha fimbo kifikie mkunjo wa kifundo cha mkono.

Uzito. Kila kilo ya mwili huongeza takribani kilo nne za mzigo gotini kwa kila hatua. Mnene akipunguza kilo 5, amelipunguzia goti kama 20. Anza kwa soda, sukari ya chai na mafuta ya kukaangia.

8. Siku kiungo kinapowaka

Zipo siku ambazo kiungo huvimba, hupata joto, na mwili wote unakuwa kama wa homa ya uchovu. Wenye baridi yabisi na jongo wanazijua sana. Siku hizo kipimo cha kawaida hakitumiki.

- Pumzisha kiungo hicho siku moja hadi tatu. Ondoa mzigo, mwambie mtu akusaidie.
- Usikiache kabisa. Mara moja au mbili kwa siku, kikunje na kukikunjua taratibu bila uzito, hadi pale kinapokubali. Wenye jongo wasubiri makali yapungue kwanza.
- Zoezi la kubana khanga linaweza kuendelea kama halizidishi maumivu.
- Kiungo kilichovimba na chenye joto kinapenda ubaridi: maji baridi au barafu ndani ya kitambaa, dakika 10 hadi 15. Kiungo kilichokakamaa bila uvimbe kinapenda uvuguvugu, dakika 15 hadi 20. Mwenye kisukari na ganzi miguuni asitumie chupa ya moto wala barafu bila kuangaliwa.
- Usichue kwa nguvu kiungo kilichovimba.
- Moto ukizimika, usirukie ulipoishia. Anza na nusu ya kipimo chako, upande ndani ya wiki moja au mbili.

9. Dawa zina nafasi gani?

Dawa ya kutuliza maumivu humsaidia mtu aweze kutembea na kulala. Si mkopo wa nguvu. Ukimeza kidonge ili ulime heka ambayo goti lingekataa, umeizima kengele huku mwizi yuko ndani.

Parasetamoli isizidi vidonge 8 vya miligramu 500 kwa mtu mzima ndani ya saa 24, na wengine wanahitaji pungufu ya hapo. Kumbuka pia kuwa dawa nyingi za mafua huwa nayo ndani. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza uvimbe, lakini huweza kutoboa tumbo, kudhuru figo na kupandisha shinikizo la damu. Mwenye vidonda vya tumbo, shinikizo, figo au mimba asizinunue dukani bila kuuliza.

Wenye baridi yabisi wanahitaji dawa za kutuliza kinga, na kuzianza mapema huokoa viungo visipinde. Mojawapo ni methotreksati, ambayo kwa ugonjwa huu humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kumewahi kuua watu. Andika siku yake kwenye kalenda.

Na jihadhari na chupa au vidonge visivyo na lebo vinavyoondoa maumivu ya miaka kwa siku mbili. Baadhi ya dawa zinazouzwa kama za asili zimekutwa zimechanganywa na steroidi kwa siri. Mtu hujisikia mzima, uso unanenepa, sukari na shinikizo vinapanda, na kuziacha ghafla ni hatari. Kama umekuwa ukitumia, usiache peke yako. Nenda nazo hospitali.

10. Maswali tunayoulizwa mara kwa mara

*Je, bamia na supu ya kongoro huongeza ute wa magoti?*
Bamia ni mboga nzuri, uile. Lakini mlenda wake humeng'enywa tumboni kama chakula kingine. Hausafiri hadi gotini ukiwa mlenda. Kongoro vilevile, na mafuta yake yakizidi yanaongeza uzito. Ute huchochewa na mwendo.

*Ugonjwa huu umeletwa na baridi? Nimekulia Makete, kwenye baridi kali.*
Jina limechangia kutudanganya. Yabisi maana yake ni ukavu, ugumu; jina linaeleza jinsi kiungo kinavyohisiwa, si kilichouleta ugonjwa. Watu wengi huhisi kukakamaa zaidi kwenye baridi ya Juni na Julai, na kujifunika vizuri husaidia. Lakini hata Tanga na Mombasa kuna baridi yabisi.

*Goti linalia kacha kacha. Niache mazoezi?*
Mlio bila maumivu wala uvimbe si tatizo. Ukija na maumivu makali, au goti likijifunga lisinyooke, onana na daktari.

*Mama yangu ana miaka 78. Si amechelewa?*
Hajachelewa. Misuli hujibu mazoezi hata uzeeni. Aanze kwa kuinuka na kuketi mara tatu, ukiwa karibu naye.

*Mtoto anaweza kupata?*
Anaweza. Mtoto anayechechemea asubuhi au mwenye kiungo kilichovimba kwa wiki kadhaa apelekwe hospitali. Usiseme ni maumivu ya kukua.

11. Usisubiri: nenda hospitali

Nenda siku hiyohiyo ikiwa:

- kiungo kimoja kimevimba ghafla, chekundu au cha moto, na una homa. Huenda ni usaha ndani ya kiungo, nao huweza kukiharibu ndani ya siku chache;
- umeanguka na huwezi kukanyagia mguu;
- mgongo unauma na umepata ganzi mapajani kwa ndani, au umeshindwa kuzuia mkojo;
- unatumia dawa za maumivu na choo kimekuwa cheusi kama lami;
- shavu la mguu mmoja limevimba na kuuma, au kifua kimebana wakati wa mazoezi.

Nenda ndani ya wiki chache ikiwa viungo vya mikono au miguu vimevimba kwa zaidi ya wiki sita, ikiwa asubuhi unakakamaa zaidi ya nusu saa, au ikiwa unakonda bila sababu.

Ukifika, usiombe dawa tu. Omba pia kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia. Hospitali nyingi za mikoa, za kaunti na za rufaa zinaye. Mwambie kazi yako ni nini, kiti chako kina urefu gani, choo chako ni cha namna gani. Mazoezi atakayokupa yatatokana na majibu hayo.

Ukurasa wa kubandika ukutani

1. Kipimo changu cha kutembea ni dakika ______. Cha kazi ya ____________ ni dakika ______.
2. Napumzika nikiwa bado naweza.
3. Siku njema sizidishi. Siku mbaya ya kawaida nafanya nusu.
4. Saa mbili baadaye najiuliza: naumwa kuliko mwanzo?
5. Naongeza kwa wiki, siyo kwa siku.
6. Kiungo kikiwaka, nakipoza na kukikunjua taratibu.
7. Homa na kiungo cha moto: hospitali leo.

Msomee ukurasa huu anayeishi nawe. Jumamosi ijayo ukiamka goti jepesi, ukapika mchele uleule wa siku zote, ukafua nguo mbili tu na kuketi, atajua hudeki. Na Jumapili atakukuta jikoni.